Nywele Zangu za Matanga

Cyangugu, Rusizi
Rwanda

Mama yangu,

Mulembe. Mulembe kwako wewe kwanza, kisha kwa wote walioketi hapo wakisikiliza barua hii, maana najua nyumba yetu, hakuna anayepata barua peke yake. Kabla Khasandi hajaendelea kusoma, naomba kile kifurushi alichowaletea dereva Mukhwana kiwekwe juu ya meza na kisifunguliwe. Nitawaambia wakati wake. Na wewe Khasandi dada yangu, soma polepole, usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka kitabu cha dini ili tumalize mapema.

Hujambo, Mama? Goti linakusumbua bado asubuhi? Mdogo wangu Musa ameniambia unakula vijiko vitatu vya ugali halafu unasema umeshiba. Nakuomba uongeze hata viwili. Ukiniuliza mimi, nitasema niko mzima, na safari hii sisemi ili kukutuliza. Plasta bado iko mguuni, kutoka paja hadi karibu na vidole, na daktari anataka mwezi mmoja tena kabla sijapanda basi. Lakini usiku nalala, mchana nakula, na naweza kwenda kwa magongo hadi kwenye lango na kutazama ziwa. Nina mengi ya kushukuru, na ndiyo sababu nimeamua kuandika. Kwenye simu tumeshindwa. Kila tukianza, mmoja wetu analia kabla hatujasema lolote la maana, halafu mwingine anafuata.

Mambo haya mmeyasikia nusu nusu, na nusu nyingine mmeisikia kutoka kwa Baba Mdogo Hezron, ambaye huyapanga anavyopenda. Acha niyapange mimi.

Unajua nilianguka kutoka kwenye ngazi nikibandika vigae ukutani, katika ile nyumba ya wageni tunayoijenga hapa ufukweni. Baada ya hapo nikawa mtu wa kitandani. Nywele zikaota, joto likaingia, kichwa kikawasha kuliko hata mguu. Siku ya Alhamisi, wiki mbili baada ya kuanguka, nikamwita Papa Shukuru, kinyozi wa mtaa huu, aje na mashine yake nyumbani. Nikamwambia aondoe nywele zote. Akaniuliza, "Zote kabisa?" Nikasema zote. Akapitisha mashine, akapitisha na wembe, akanipaka mafuta. Maman Furaha, mama mwenye nyumba ninayopanga, alikuwa anaanika sambaza, vile visamaki vya ziwani, uani. Aliponiona alicheka hadi akaweka sinia chini.

"Eh, fundi! Kichwa inang'aa! Sasa tutajiangalia ndani yake, kioo hatununue tena!"

Tulikuwa bado tunacheka simu ilipolia. Alikuwa Musa. Hakusalimia. Alisema tu, "Kaka, Baba ametuacha alfajiri." Nikaweka mikono kichwani kama mtu yeyote anavyofanya akiletewa habari ya namna hiyo, na mikono ikateleza. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya.

Sina haja ya kukueleza wewe, Mama, lakini nilimweleza Maman Furaha jioni ile, kwa sababu hakuelewa kwa nini nalia huku nikijipiga kichwani. Nilimwambia kwamba kwetu hakuna mtu wa nyumba ya marehemu anayenyoa kabla mwili haujaingia ardhini. Nywele alizonazo mtu siku ya kifo ndizo za matanga. Anakaa nazo, analia nazo, na siku ya tatu baada ya maziko zinaondolewa ndipo kifo kitoke nyumbani. Na mtoto wa kwanza ndiye anayeanza. Baba alikufa alfajiri, mimi nikanyoa asubuhi. Nilimlilia baba yangu nikiwa na upara wa kinyozi.

Baba Mdogo Hezron alipiga simu siku ya pili, akaniuliza kwa ile sauti yake ya kamati: "Ni nani alikuambia unyoe?" Akauliza tena, sikumtajia mtu. Akakata. Najua alisema huko kwamba nimekuwa Mrwanda na nimesahau kwetu. Nitamjibu leo, lakini mbele kidogo.

Jumamosi ya maziko nilidhani nitakaa chumbani peke yangu na simu. Saa tatu asubuhi mlango ukafunguka, Maman Furaha akaniambia nitoke. Uani kulikuwa na watu kama thelathini, kila mmoja amekuja na ukuni wake. Wengi wao walilelewa Kongo kisha wakarudi huku, na huko na huku mambo ya msiba wanayafanya kwa moyo. Walikuwa wamewasha moto mchana kweupe, wameweka viti kuuzunguka, na kiti changu kimeelekezwa mashariki, upande ambao mwalimu mmoja aliwaambia ndiko Kenya iliko.

"Kwetu muntu akifiwa hawezi baki peke yake," Maman Furaha akasema. "Hata maiti ikiwa mbali, kilio iko hapa. Ikala, mutoto yangu. Ulie na batu."

Basi nikalia na watu. Musa alikuwa ameweka simu kwenye mfuko wa shati, na mimi niliweka yangu juu ya goti zima, sauti imefunguliwa. Tulisikia ng'ombe wa shilembe, zile mbio za kumuaga marehemu, wakiingizwa uwanjani, mbinja na nyimbo, na wewe nikakusikia, Mama, nikakujua katikati ya wanawake wote. Wazee wa hapa waliuliza kwa nini ng'ombe wanakimbizwa msibani. Nikawaambia Baba alikuwa mwenye madume ya kupigana, na mtu wa aina hiyo ng'ombe humuaga wenyewe. Mzee mmoja akavua kofia.

Kisha nikamsikia Musa akisema, "Huu ni wa Josphat." Nikasikia udongo wa kwanza ukianguka juu ya sanduku. Ulikuwa wangu na sikuushika. Mtandao ukakatika hapo hapo, na watu wa uani wakaimba mpaka moto ukazimika wenyewe. Musa, ndugu yangu, sijakushukuru kwa kusema jina langu. Ahsante sana. Nisingeweza kuishi vizuri kama ungeutupa kimya kimya.

Sasa tuje kwa Senge Rasoa. Dada wa Baba ndiye mwenye neno kwenye mambo ya kunyoa, na alisema neno lake Jumanne bila kupepesa: mstari hauwezi kuanza katikati. Josphat kwanza, kisha Musa, kisha Khasandi, na mjane mwisho. Kwa kuwa Josphat hana nywele, wote wangoje mpaka zake ziote na kushika chanuo. Na mjane ambaye hajanyolewa hatoki boma, haendi sokoni, hashiki jembe.

Mama, hapo ndipo mzigo uliponielemea. Mvua ilikuwa imeanza kwenu. Khasandi aliniambia majirani wamepanda, na mbegu zako ziko bado kwenye debe, umezifunika kwa kanga. Nilikuona umekaa kwenye baraza ukitazama shamba lililolimwa linaota magugu, kwa sababu ya kichwa changu. Tangu nizaliwe sijaona ukikosa msimu. Hata mwaka uliovunjika mkono ulipanda kwa ule mwingine.

Kwa hiyo kazi yangu hapa ikawa moja tu, kuota nywele. Usicheke. Maman Furaha aliichukua kazi hiyo kama yake. Alinipikia bukari, ndiyo ugali wao, na sombe ya majani ya muhogo na sambaza kila siku, akisema samaki huleta nywele. Kila Jumapili baada ya kanisa alipitisha chanuo kichwani mwangu, na majirani waliuliza habari za nywele zangu kabla ya habari za mguu. Senge naye alipiga simu kukagua, lakini hakutaka kuzungumza nami. Alitaka mama mwenye nyumba.

"Mama, huyo mtoto wetu, nywele zimefika wapi?"

"Ziko nakuya, Maman. Ziko nakuya polepole."

"Weka chanuo. Linashika?"

"Haishike. Inateleza."

"Usikubali anidanganye, huyo ni mjanja tangu akiwa mdogo."

"Maman, miye niko na batoto saba. Hakuna mwenye ananidanganyaka."

Wakacheka wote wawili, mmoja na Kiswahili chake cha Shinyalu na mwingine na cha Bukavu, kisha wakasahau kama mimi niko pale, wakaongea kuhusu miguu inayovimba wakati wa baridi. Mwishowe Senge akamwomba asinioze mke wa huku kabla hajamwona. Maman Furaha akasema hawezi kuahidi.

Naungama jambo moja. Wiki ya tatu nilitaka kudanganya kweli. Khasandi alikuwa ametuma picha ya shamba la jirani, mahindi yameshachomoza kwa mistari, na pembeni letu liko tupu. Nikamwambia Maman Furaha, "Mwambie Senge chanuo limeshika, tumalize." Alikuwa anapepeta maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Hapana. Ukidanganya, batakunyoa bure. Maman yako atapanda, lakini atapanda na wasiwasi. Mvua ikikosa, atasema njo ile nywele. Mutoto akigonjwa, atasema njo ile. Ngoja, Josphat. Siku kumi haziue muntu."

Namshukuru Mungu kwa mama huyu. Nilikuwa tayari kukupa shamba na kukuachia hofu.

Kulikuwa na sharti jingine. Senge alisema wembe usishikwe na kijana wa mashine, bali na mwanamume mzima ambaye baba yake amekwisha kufa. Nikamwendea Mzee Balthazar. Huyu ni mzee wa kushona nyavu karibu na lango letu, asili yake ni kisiwa cha Nkombo lakini alikulia ng'ambo, Kongo. Ndiye aliyevua kofia siku ile kwa ajili ya ng'ombe. Nilipomweleza, aliweka sindano chini.

"Baba yangu alikufa, ndiyo. Lakini sikumuzika. Wakati ya vita tulikimbia kila muntu njia yake, na batu bengine njo balimuzika kule juu ya Bukavu. Miye nalisikia nyuma ya miezi sita. Sikulia na batu, sikufanya kitu. Ulizia uyo senge yako kama niko na haki ya kushika wembe."

Hakuna aliyemlazimisha kusema hayo. Angeweza kusema ndiyo, baba yangu amekufa, yakaisha. Nikampigia Senge hapo hapo, nikamweleza.

"Miaka mingapi?" akauliza.

"Zaidi ya ishirini, Senge."

"Na hajanyolewa?"

"Hajanyolewa msiba."

"Basi huyo mtu ametembea na kifo miaka yote hiyo na hakuna aliyemwambia. Anyolewe yeye kwanza. Halafu akunyoe wewe."

Nilipomfasiria Mzee Balthazar maneno hayo, alifunika uso kwa wavu aliokuwa anashona. Sikujua niangalie wapi, nikaangalia plasta yangu.

Ikawa Jumamosi ya jana, asubuhi. Chanuo lilikuwa limeshika siku mbili kabla, na Senge mwenyewe alilisikia kwenye simu, maana Maman Furaha alilichomeka kichwani akaligonga kwa ukucha mara tatu ili asikie limesimama. Watu wa siku ya moto wakarudi, na tena kila mmoja na ukuni wake. Mzee Balthazar alikaa kwenye kigoda nje ya mlango. Maman Furaha, ambaye Senge alimkubali kwa kuwa alimzika baba yake kwa mikono yake, akamlowesha maji akamnyoa. Zilikuwa nywele nyeupe chache tu. Alikuwa anasema jina la baba yake kila wembe ulipopita, polepole, na watu wakalirudia. Alipoinuka aliniambia, "Sasa njo niko muntu ya kukunyoa."

Akaninyoa. Mkono wa mshona nyavu hautetemeki, Mama. Alianzia mbele kama Senge alivyoagiza, na nywele zikaanguka kwenye kitambaa cheupe magotini mwangu, hakuna hata moja iliyoachwa ikapeperuka. Nililia, lakini si kama siku ya Alhamisi ile. Alipomaliza, walininawisha uso, wakaninywesha uji wa mtama, na Papa Shukuru kinyozi, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akinikwepa kwa aibu, akaja kunipa mkono. Leo asubuhi nimesikia kwamba Mzee Balthazar amefunga nywele zake kwenye leso, akavuka daraja la mpakani kwa miguu, ameelekea kule juu ya Bukavu alikozikwa baba yake. Hajawahi kuvuka tangu arudi Rwanda.

Sasa mwite Baba Mdogo asogee karibu, ili nijibu swali lake.

Jumanne, siku mbili kabla Baba hajafa, tulizungumza kwa video. Khasandi ndiye aliyeshika simu, kisha akaenda kuangalia sufuria, akamwachia. Baba alinitazama, akakunja uso. Akasema, "Josphat, hiyo ni kichwa au ni kichaka? Mtu akiugua ndipo anapaswa kuwa nadhifu. Kanyoe, usinitie aibu kwa watu wa huko." Nikasema, "Ndiyo, Baba." Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemezana. Alhamisi nikamwita kinyozi.

Sikuwaambia kwa sababu niliogopa mtasema najitetea kwa kumtumia marehemu. Niliogopa pia kwamba nikiyasema kwa simu nitashindwa kuyamaliza. Lakini jana, wembe ukipita, niliona hakuna kosa ninalopaswa kulibeba tena. Nilinyoa mara ya kwanza kwa sababu aliniambia. Nimenyoa mara ya pili kwa sababu hayupo wa kuniambia. Baba Mdogo, ndiye aliyeniambia ninyoe. Ndugu yako.

Basi, Mama, fungua kifurushi. Ukikunjua kitambaa utaziona. Ni fupi, usisikitike, ndizo nilizoweza kuotesha. Senge azichukue, azifukie kaburini upande wa kichwa, pale ambapo mtoto wa kwanza angesimama. Kisha Musa akae kwenye kigoda, kisha Khasandi, kisha wewe. Nikipona nitakuja mwenyewe, nitapita kwa Baba kwanza kabla sijaingia nyumbani, kama inavyotakiwa.

Nisalimieni Senge Rasoa, mwenye neno la kunyoa, mwambieni hapa wanamtaja kama askofu. Nisalimieni Baba Mdogo Hezron, ambaye simchukii. Msalimieni Musa, mkono wangu wa kaburini, na mke wake aliyepikia matanga yote hayo. Na Khasandi, macho ya Mama, ambaye natumaini hajaruka mstari. Maman Furaha anakusalimu kwa jina la mama mwenzake, anasema ukikosa mboga ya kumtolea Josphat nywele, sambaza zipo.

Mkimaliza kunyoa, Mama, kesho yake ushike jembe. Lakini nipigie kabla hujaanza, umpe Khasandi simu aishike chini, karibu na shimo la kwanza. Ule udongo niliousikia kwa Musa nimekaa nao masikioni mwezi mzima. Nataka kusikia mwingine, wa kufunika mahindi.

Mwanao wa kwanza, sasa mwenye upara wa halali,

Josphat Ambani